Je, ndege wa visiwani huzeeka? Jibu kwa muongoza wageni wa Marangu

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Mimi naongoza wageni wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Hivi karibuni nilimpandisha mgeni anayependa sana ndege. Tulipokutana na kundi la vinengenenge, wale ndege wadogo wenye duara jeupe kwenye jicho, karibu na kambi ya Mandara, akaniambia hao wanapatikana Kilimanjaro, Meru na vilima vichache vya jirani tu, kwamba wale wa Shengena kule Upareni ni spishi nyingine, na kwamba mlima wetu ni kisiwa. Halafu akaongeza kuwa ndege wa visiwani wana mzunguko wao: huenea, hugawanyika, kisha hupungua mpaka wanaisha, kwa hiyo wakitoweka si jambo la kutisha. Nilinyamaza, lakini sikuridhika. Mlima ni kisiwa kweli? Na spishi inazeeka kama mtu? Naomba pia unielekeze namna ya kuwatofautisha vinengenenge.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mgeni wako amekwambia mambo matatu. Kwamba mlima ni kisiwa, hilo ni kweli. Kwamba kuna mzunguko, hilo ni kweli kwa masharti. Kwamba kwa sababu kuna mzunguko basi kutoweka kwa ndege ni jambo la kawaida, hilo halitokani na yale mawili hata kidogo, na ndilo litakalonichukua maneno mengi.

Tuanze na ndege mwenyewe. Sisi tunaokamata ndege kwa nyavu na kuwavisha pete hupata nafasi ya kumtazama kinengenenge kwa karibu, na kila mara nashangaa jinsi alivyo mdogo: gramu 10 hivi, na moyo unadunda kwa kasi mpaka unausikia kwenye vidole. Lile duara jeupe la jicho si ngozi, ni vinyoya vidogo sana vilivyopangana. Kwa huyu wa Kilimanjaro duara ni pana kupita kiasi. Ncha ya ulimi imechambuka nyuzinyuzi, akalambe nekta ya maua vizuri. Lakini hategemei nekta peke yake: anakula wadudu, anakula matunda, anakula anachokikuta. Na nje ya msimu wa kuzaliana hatembei mwenyewe. Wanakwenda kundi zima, wakiitana bila kunyamaza, ndiyo maana mlisikia kelele kabla hamjawaona. Shika hayo mawili, kula chochote na kusafiri kwa kundi, maana ndiyo yaliyowafikisha mbali.

Na wamefika mbali kweli. Jenasi yao, yaani kundi la spishi ndugu, inaitwa Zosterops, nayo ina spishi mia moja hivi, kuanzia Afrika Magharibi hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki. Watafiti waliopima vinasaba vyao mwaka 2009 walikadiria kwamba sehemu kubwa ya spishi hizo zimetokea ndani ya miaka milioni 2 iliyopita. Kilimanjaro ilianza kutema moto yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Kwa hiyo unapompita kinengenenge pale Mandara, umesimama juu ya mlima ulioanza kujijenga kabla ndugu zake wengi hawajawa spishi.

Uwezo wao wa kusafiri si wa kukisia. Mwaka 1856 makundi ya vinengenenge kutoka Australia yalionekana New Zealand, wakiwa wamevuka zaidi ya kilomita 1,500 za bahari tupu. Hakuna aliyewapeleka. Walifika wengi kwa pamoja, na hapo ndipo kundi lina faida: ndege mmoja aliyepotezwa na upepo hufa peke yake, lakini kundi lililopotezwa lina madume na majike ndani yake. Leo ni miongoni mwa ndege wa kawaida kabisa nchini humo.

Sasa sikia upande wa pili. Katika Visiwa vya Solomon, huko Pasifiki, kwenye kundi la New Georgia, kuna visiwa viwili vinaitwa Vella Lavella na Ranongga. Ukisimama kimoja unakiona kingine; maji yaliyopo kati ni kilomita chache. Vella Lavella wana kinengenenge wao, Ranongga wana wao, spishi mbili tofauti, wala hawatembeleani. Mwanabiolojia Jared Diamond na wenzake walilishangaa jambo hili mwaka 1976. Mababu walivuka bahari kuu, wajukuu hawavuki mlango wa maji ambao mtumbwi unauvuka asubuhi na kurudi kabla ya mchana.

Kwa nini? Kwa sababu kisiwa kinawachuja. Kundi likishatua, kila kizazi kuna wachache wenye hamu ya kuendelea kuruka kuelekea upeo. Hao wanaondoka, na wengi wao wanaishia baharini. Wanaobaki ndio wanaozaa, na watoto wao wanarithi tabia ya kubaki. Halafu kuna gharama ya mwili. Misuli ya kifua inayosukuma mabawa ni kama injini ya lori, inakula mafuta hata gari likiwa limesimama. Kisiwani ambako hakuna paka, nyoka wala cheche wa kumrukia ndege kila dakika, mwenye misuli midogo anaokoa chakula na anazaa zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliopima mamia ya spishi, ulionyesha kwamba kwenye visiwa misuli ya kurukia hupungua na miguu hurefuka hata kwa ndege ambao bado wanaruka vizuri, na hali hiyo huzidi pale wawindaji wanapokuwa wachache. Kutoruka kabisa ni mwisho wa njia ambayo wengi wako katikati yake.

Hapo ndipo mageuko yanapopata nafasi. Kundi likishatengwa, mabadiliko madogomadogo ya vinasaba yanajikusanya bila kuchanganywa na ya wengine: sauti inabadilika, rangi ya tumbo inabadilika, upana wa duara la jicho unabadilika. Baada ya muda wa kutosha hata wakikutanishwa hawatambuani.

Turudi nyumbani. Simama pale Moshi mjini asubuhi ambayo mawingu yamejiondoa. Kaskazini una Kilimanjaro, magharibi unaiona Meru kwa mbali, kusini-mashariki safu ya Pare. Katikati ya hiyo yote ni nyika ya joto: Kahe, Sanya, miiba na vumbi. Kwa ndege anayeishi kwenye msitu wa ukungu, nyika hiyo ni bahari. Kinengenenge wa Kilimanjaro yuko juu. Bondeni kwenye migunga yuko mwingine, wa njano zaidi, mwenye duara jembamba. Shengena, msituni Chome wilaya ya Same, yuko wa tatu, mwenye koo la njano na tumbo la kijivujivu, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Ngorongoro na Mbulu wako wengine. Vilima vya Taita, ng'ambo ya mpaka, wako wengine tena, na msitu wao wa asili umebaki vipandevipande.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani hadithi ya ndege hawa ni rahisi: zamani msitu wa mlimani ulikuwa mmoja, tabianchi ikakauka, msitu ukakatikakatika, na kila mlima ukabaki na kipande cha ukoo uleule. Vinasaba vilipopimwa, hadithi hiyo haikukaa. Vinengenenge wa milimani wa Afrika Mashariki hawatoki kwenye shina moja la mlimani. Wengine undugu wao wa karibu zaidi uko kwa ndege wa mabondeni kuliko kwa wale wa mlima wa jirani, ingawa kwa sura wanafanana na wa mlima wa jirani. Maana yake milima imepandwa zaidi ya mara moja, kutoka chini, kwa nyakati tofauti, na mazingira ya baridi yakawafanya wapandaji hao wafanane. Hilo linanifurahisha kuliko hadithi ya zamani. Macho yetu yanadanganywa kirahisi na rangi ya manyoya.

Kama unataka kuona kutengwa kunavyofanya kazi bila kwenda Solomon, linganisha Unguja na Pemba. Maji kati ya Unguja na Bara ni ya kina kifupi, hayafiki hata mita 100. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ya dunia ilipokuwa imefunga maji mengi, bahari ilishuka kwa mita kama 120, na Unguja ikawa sehemu ya Bara. Ndege na chui walikwenda kwa miguu na mabawa yao. Mlango wa Pemba una kina cha mita mia kadhaa, kwa hiyo Pemba ilibaki kisiwa. Matokeo? Unguja haina spishi hata moja ya ndege iliyo yake peke yake. Pemba wanazo nne: ninga, bundi mdogo, chozi na kinengenenge. Umbali kutoka Bara hautofautiani sana kiasi cha kueleza hilo. Kina cha maji ndicho kinachoeleza.

Sasa tuje kwenye mzunguko wa mgeni wako. Hakuutunga. Mwanabiolojia Edward O. Wilson aliupendekeza kati ya mwaka 1959 na 1961 akisoma sisimizi wa Melanesia, visiwa vya kusini-magharibi mwa Pasifiki. Aliona kwamba spishi zinazoenea kisiwa hadi kisiwa huishi ufukweni na pembezoni mwa misitu, mahali pa fujo, na spishi ambazo zimejibana kwenye kisiwa kimoja huishi ndani kabisa, kwenye msitu wa milimani. Mwaka 1972 wanaikolojia Robert Ricklefs na George Cox wakauhamishia kwa ndege wa Karibiani. Walizipanga spishi kwa hatua: kwanza zilizoenea na kufanana kila kisiwa, kisha zilizoenea lakini zimeanza kutofautiana, kisha zenye mapengo, zipo kisiwa hiki, hazipo kile cha katikati, mwisho zilizobaki kisiwa kimoja. Wakasema hizo si aina nne za ndege, ni safari moja ya ndege mmoja kwa nyakati tofauti.

Kwa nini mwenye nguvu aishie kubanwa? Maelezo yao yalikuwa ya kiujanja, na bado nayaona ndiyo bora. Ndege anapofika kisiwa kipya anakuwa amewaacha nyuma vimelea, magonjwa na wawindaji waliomzoea. Kwa muda anastawi. Lakini viumbe wa kisiwa wanamjifunza, kwa maana ya mageuko: vimelea vinapata njia ya kumwingia, wawindaji wanapata namna ya kumkamata, wadudu anaowala wanajua kumkwepa. Yeye ni mmoja anayejibu mashambulizi ya wengi. Polepole anapoteza sehemu za chini na kubaki kule ambako maadui ni wachache, na nafasi aliyoiacha inachukuliwa na mgeni mwingine kutoka ng'ambo.

Baadaye vinasaba viliwapa nguvu. Katika visiwa vidogo vya Karibiani ya mashariki, spishi zilizopangwa kwenye hatua za mwisho zilionekana kuwa na matawi ya kale kuliko za hatua za kwanza. Melanesia nako koo za zamani za ndege zimeelekea kukaa milimani kwenye visiwa vikubwa, na koo changa zinarandaranda kwenye visiwa vidogo vya pwani.

Hapa kwetu mfano ninaoupenda ni kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa kambini kwenye milima hiyo walikula nyama ya ndege aliyepikwa na wenyeji wao, kisha wakaona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemfahamu. Kutoka kwenye mboga hiyo ikapatikana jenasi mpya kabisa kwa sayansi, ikatangazwa mwaka 1994. Na undugu wake wa karibu si na kwale wetu wa mashambani, bali na kwale wa misitu ya Asia. Ukoo ambao zamani lazima ulikuwa umeenea sehemu kubwa umebaki kwenye milima michache. Udzungwa, Usambara na Pare ni milima ya miamba ya kale sana na misitu iliyodumu muda mrefu, si volkano kijana kama Kilimanjaro. Ndiyo maana Kilimanjaro, pamoja na urefu wake wa mita 5,895, haina utajiri wa ndege wa pekee kama wa milima ile mifupi. Wageni hawapendi kusikia hivyo, lakini ndivyo.

Basi je, spishi inazeeka? Hapana. Mtu anazeeka kwa sababu kuna kitu ndani ya mwili wake kinachochakaa. Spishi haina mwili. Kila kifaranga cha ninga wa Pemba kinaanguliwa kikiwa kipya sawasawa na kifaranga cha njiwa wa mjini. Kinachobadilika ni mahali alipo na maadui alio nao, na hivyo vinaweza kugeuka upande wowote. Ricklefs na Cox wenyewe walikubali kwamba spishi iliyobanwa inaweza kuanza kuenea upya. Tena tazama yule kinengenenge wa Pemba. Kwa vipimo vya mzunguko yuko hatua ya mwisho kabisa, kisiwa kimoja tu. Nenda Chake Chake, utamkuta kwenye bustani, kwenye mikarafuu, kando ya barabara. Hana dalili yoyote ya kuaga. Ninga na bundi wa kisiwa hichohicho ndio wanaotia wasiwasi, na sababu unaweza kuitaja kwa jina: wanategemea miti mikubwa, na msitu mkubwa umebaki Ngezi na vipande vichache.

Lakini ushahidi ulionifanya niwe mkali juu ya jambo hili unatoka Hawaii.

Hawaii kulikuwa na ukoo wa ndege wa msituni wenye zaidi ya spishi 50, wote wakitokana na jamaa wa chiriku aliyetoka Asia. Kila mtu hutaja ndege wa Darwin wa Galápagos kwa midomo yao. Hawa wa Hawaii wamewapita mbali. Mmoja ana mdomo wa kupasulia mbegu ngumu, mwingine mdomo mrefu uliopinda kwa ajili ya maua, mwingine mdomo wa juu mrefu na wa chini mfupi, wa chini anagongea gome la mti na wa juu anachokolea wadudu. Ukifika huko leo ukiwa na mzunguko kichwani, utasema umeupata ukiwa wazi: ndege hawa wa kale wamejibana milimani, sehemu kubwa juu ya mita 1,500, na mabondeni wamejaa ndege wageni. Kitabu kizima cha mzunguko mbele ya macho yako.

Ni uongo mtupu. Mwaka 1982 Storrs Olson na Helen James, wataalamu wa mabaki ya ndege wa kale, walitangaza mifupa waliyoichunguza kutoka kwenye matuta ya mchanga na mapango ya mabondeni. Ndege wale wa milimani walikuwa wakiishi mpaka karibu na bahari. Hawakupanda mlima kwa uzee. Kwanza Wapolinesia walifika, wakafyeka misitu ya chini na kuja na panya. Halafu, mwaka 1826, mbu wa Culex waliingia kwa meli. Hawaii haikuwa na mbu. Baadaye ikafika malaria ya ndege, ambayo haiwapati watu, na ndege wasio na kinga yoyote wakaanza kufa kwa kuumwa na mbu mmoja tu. Wakabaki walioko juu, kwenye baridi, ambako mbu na kimelea hawastawi. Wewe wa Marangu hili huhitaji kuelezwa: wazee wetu walijua zamani sana kwamba homa iko kwa wanaolala Kahe na tambarare za mpunga, na walipanga makazi yao juu kwa sehemu kwa sababu hiyo.

Unaona hatari iliyopo? Picha ileile, ndege wa kale milimani na ndege wageni mabondeni, inaweza kuchorwa na miaka milioni ya mageuko au na miaka mia mbili ya meli na mbu. Anayetazama picha bila kuchimba mifupa hawezi kujua ipi ni ipi. Olson huyohuyo, pamoja na Gregory Pregill, ndiye aliyekuwa miongoni mwa wapinzani wakubwa wa mzunguko kwa Karibiani, na hoja yao ilikuwa hiyo: mapengo mnayoyaita hatua ya tatu yanaweza kuwa makaburi tu. Mimi siendi mbali kama wao. Naamini mzunguko upo. Ila siukubali kama cheti cha kifo cha ndege yeyote niliyemkuta amebanwa, mpaka nijue amebanwa na nini.

Kisha kuna suala la mwendo. Mzunguko mmoja unakadiriwa kuchukua kati ya miaka 100,000 na milioni 10. Linganisha na Guam, kisiwa cha Pasifiki. Nyoka wa kahawia wa mitini aliingia kisiwani humo na mizigo ya kijeshi baada ya Vita Kuu ya Pili, na kufikia miaka ya 1980 karibu ndege wote wa asili wa msituni walikuwa wamekwisha. Dodo wa Mauritius, ambaye kumbe ni njiwa, aliishi na Waholanzi tangu 1598, na mara ya mwisho inayokubalika na wengi kwamba alionekana hai ni 1662. Visiwa vya Pasifiki kwa ujumla vilipoteza takribani spishi elfu moja za ndege wa nchi kavu kuanzia binadamu alipowasili mpaka Wazungu walipofika. Huo si mzunguko.

Kifo cha kawaida cha ndege wa kisiwa kinafananaje? Tunacho kimoja karibu nasi, Aldabra, kaskazini mwa Madagaska. Ndege wa jamii ya kukuziwa alitoka Madagaska akatua pale, akapoteza uwezo wa kuruka. Yapata miaka 136,000 iliyopita bahari ikapanda ikakifunika kisiwa chote, naye akafa maji, hakuwa na mabawa ya kumtoa. Bahari iliposhuka, ndege wa ukoo uleule wa Madagaska, wanaoruka, wakaja tena, na wakapoteza tena uwezo wa kuruka. Mifupa ya kabla na ya baada imepatikana, na mwaka 2019 Julian Hume na David Martill waliitangaza. Aina hiyo ya pili ndiyo inayotembea Aldabra mpaka leo. Kifo cha kawaida kilirekebishika kwa sababu ghala la Madagaska lilikuwa bado limejaa. Sisi tunafunga kisiwa na ghala kwa wakati mmoja.

Na mlima wako? Msitu wa Kilimanjaro unabanwa pande mbili. Chini, vihamba (mashamba ya kifamilia ya Wachagga) na mashamba mengine vilishachukua karibu msitu wote wa sehemu za chini za miteremko ya kusini zamani. Juu, moto umeushusha mpaka wa msitu, mahali palipokuwa na miti sasa pana vichaka. Kule Usambara, kazi ya miaka mingi ya kukamata ndege kwa nyavu imeonyesha spishi nyingi za msituni zikisogea juu kadiri joto linavyoongezeka. Kinengenenge wa Kilimanjaro ana nafasi ya kusogea, na kwa bahati nzuri hachukii vihamba: akiona maua na matunda anaingia. Yule wa Shengena kilele chake ni mita 2,462 na msitu tayari umefika juu. Hana pa kupanda zaidi. Kwa hiyo ukiulizwa nani kati ya hao wawili yuko hatarini, usitazame nani ni wa kale, tazama nani amebakiwa na mlima.

Mgeni mwingine akikuletea habari za mzunguko, mwulize swali moja: huyu ndege unayesema anaisha, anaishaje? Akitaja sababu, mna mazungumzo. Akisema ni zamu yake, mpe chai muendelee na safari.

Umeomba pia nikuelekeze namna ya kuwatofautisha vinengenenge. Anza na duara la jicho, kisha tumbo, rangi ya mgongo iache mwisho maana kivuli cha msitu kinaidanganya. Ukipiga picha, piga jicho likiwa upande, andika mwinuko kwa mita na mahali, hasa ukiwakuta chini ya mita 1,600, kwenye vihamba vya kuanzia Himo kupanda. Hapo katikati, kati ya wa bondeni na wa mlimani, ndipo tunapokosa picha, na wewe unapapita kila wiki.